Tuliogopa jua, kumbe usiku: kisa cha delfinia katika uwa wa nyumba moja Unguja

Kuhusu kisa hiki

Mwenye nyumba ameniruhusu nikiandike kisa hiki kwa sharti moja, asijulikane. Kwa hiyo jina, mtaa na mengine ya kumtambulisha nimeyaondoa. Humu nitamwita Mwalimu, kwa sababu alisomesha skuli na ndivyo nilivyozoea kumwita. Mimi nina kitalu cha miche: michungwa ya kubebesha, mikungumanga, mawaridi, asumini. Delfinia, ua la buluu la nchi za baridi, sikuwahi kuiona hai kabla ya hapo, na makosa mengi utakayoyasoma yalitokana na ushauri wangu mimi.

Uwa na mwenyewe

Mwalimu ni mstaafu, anakaa pembezoni mwa mji wa Zanzibar na mjukuu wake wa kiume wa miaka 15. Uwani kwake hapakosekani kitu: asumini kando ya kisima, mrehani, mkilua mmoja mzee ambao majirani wote huomba vilua vyake siku za harusi, mawaridi kwenye madebe. Udongo ni kinongo chekundu, si kirefu. Ukichimba mikono miwili unagonga jiwe la matumbawe. Maji ya kisima yana chokaa na chumvi kidogo, birika lake likiota magamba meupe ndani ya mwezi.

Binti yake anaishi Uingereza. Mwalimu alikwenda kumtazama mwezi wa Juni, na huko, katika bustani ya jirani, akaona safu ya maua ya buluu yaliyosimama kumzidi kimo. Alirudi na bahasha mbili za mbegu ndani ya pochi. Bahasha zile zilikaa juu ya kabati la chumbani tangu Julai mpaka Januari, ndipo aliponiita.

"Mwanangu, humu mwangu kila rangi ipo," aliniambia, "buluu tu ndiyo hakuna. Nataka yasimame pale." Akanionyesha ukuta wa magharibi.

Mmea wenyewe

Delfinia ni mimea ya aina zaidi ya 300, nyingi zikiwa za nchi za kaskazini zenye baridi, na chache za milimani kwetu Afrika. Jina limetokana na neno la Kigiriki la pomboo. Sababu utaiona ukilitazama tumba kabla halijafunguka: kichwa cha mviringo mbele, mkia umenyanyuka nyuma, hasa kama pomboo wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, wanaporuka. Zile ndefu za bustanini ni chotara zilizofanyiwa kazi na watu kwa zaidi ya miaka 100. Kitalu cha Blackmore & Langdon cha Uingereza kinazishughulikia tangu 1901, na zile ziitwazo Pacific Giants zilitokana na kazi ya Frank Reinelt huko California. Maana yake ni kwamba zimechaguliwa, kizazi baada ya kizazi, katika nchi ambazo hata kiangazi mtu hulala na blanketi.

Mashariki mwa Afrika zipo delfinia za mwituni, kama *Delphinium leroyi*, nyeupe na yenye harufu nzuri, na *Delphinium macrocentron*. Lakini hizo ni za nyanda za juu. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi, na Masingini, palipoinuka kuliko kote Unguja, hapafiki hata mita 150. Kwa hiyo hapa kisiwani hakuna mlima wa kukimbilia.

Mmea unapenda usiku wa nyuzi 10 hadi 15, mchana mrefu, udongo wenye unyevu usiotuamisha maji, na mahali pasipo upepo mkali kwa sababu shina lake lina uwazi ndani. Mbegu nazo zina dhiki yake: hufa haraka zikiwekwa penye joto, na huota vizuri gizani, katika nyuzi 15 hadi 18. Haya yote nilikuja kuyajua baadaye. Ningeyajua mwanzo, kisa hiki kingekuwa kifupi.

Mkupuo wa kwanza: Januari

Bahasha ya kwanza tulimwaga moja kwa moja kwenye tuta chini ya ukuta, katikati ya kaskazi, joto likiwa kali. Tulitia samadi ya ng'ombe ambayo bado ilikuwa ikinuka. Tukamwagilia maji ya kisima asubuhi na jioni.

Hakikutoka kitu. Baada ya wiki tano mjukuu alifukua kwa kijiko akaletea bibi yake punje mbili tatu, nyeusi, zimelainika kama chai iliyokwishachujwa. Hapa hapana cha kuchambua sana: mbegu ilikuwa imekaa nusu mwaka juu ya kabati chini ya bati, halafu ikapandwa kwenye udongo wa moto. Ilikufa mara mbili.

Mkupuo wa pili: masika

Bahasha ya pili tuliipa heshima zaidi. Nilishasoma kuhusu baridi, basi mbegu tukazitandaza juu ya karatasi ya jikoni yenye unyevu, ndani ya kibakuli cha mfuniko, zikakaa kwenye friji siku 10. Mwisho wa Aprili tukazipanda kwenye sinia ya miche ukumbini. Katika mbegu 40 zikatoka 9. Mwalimu alifurahi hata akanipigia simu alfajiri.

Sasa ikaja hofu ya jua. Mimi ndiye niliyesema kwamba mmea wa baridi hautaliweza jua letu, na sikupingwa na mtu, maana ndivyo kila mmoja anavyodhani. Tukajenga kibanda cha makuti kule kule kwenye ukuta wa magharibi, na juu ya makuti tukaongeza wavu mweusi. Ndani ya kibanda ilikuwa saa 12 jioni mchana kutwa.

Mvua za masika zikaja na yao. Miche minne ilianguka ndani ya siku tatu. Ukiuinama mche kuutazama, jani bado bichi, mizizi mizima, lakini pale shina linapogusa udongo pamenywea, pamekuwa pembamba na peusi, kama mtu amepafunga uzi akavuta. Huko ni kuoza shingo, na dawa yake hasa ni kuizuia: udongo safi, maji kidogo, hewa ipite. Kibandani mwetu hewa haikupita.

Konokono wakala miwili kwa usiku mmoja. Konokono mkubwa wa Afrika kwao ni pwani hii hii, kwa hiyo ugenini walikuwa delfinia, wao wenyeji. Majivu tuliyoyazungushia yalifaa mpaka mvua ya kwanza. Kilichosaidia ni mjukuu kutoka na tochi na ndoo baada ya isha.

Mitatu iliyobaki iliishi mpaka Agosti, lakini ni maisha ya kuhurumiwa. Ilirefuka ikitafuta mwanga, majani yakapauka, yakaota unga mweupe. Nikashauri kivuli kiongezwe. Naandika sentensi hii kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa: mmea unakufa kwa kukosa mwanga, na mimi naongeza kuti.

Ukuta wa moto na maji ya mtungi

Usiku mmoja wa Agosti nilikwenda kuutazama mche wa mwisho. Ilikuwa saa 3 usiku, kipupwe, upepo wa kusi unapita na mimi nimevaa mikono mirefu. Nikiwa nasubiri chai niliegemea ule ukuta wa magharibi. Ulikuwa wa vuguvugu. Si wa kuunguza, lakini kama kikaango kilichoepuliwa kitambo. Jua la alasiri lilikuwa limeingia ndani ya mawe, na sasa mawe yanalirudisha polepole, usiku kucha, kwa mmea ulio umbali wa shubiri mbili.

Kesho yake nilirudi na kipimajoto cha ukutani. Saa 3 usiku, udongo wa chungu cha plastiki cheusi kilichokuwa chini ya ukuta ulikuwa nyuzi 29. Hewa katikati ya uwa ilikuwa nyuzi 24. Nikamweleza Mwalimu kwamba tulikuwa tukipigana na mchana, na mchana haukuwa na kosa kubwa hivyo.

Mwalimu akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza swali, nadhani kwa sauti ile ile aliyotumia darasani: "Maji ya mtungini yanapoaje?"

Yanapoa kwa sababu chungu cha udongo kinatoa jasho, na jasho likikauka linaondoka na joto. Basi tukafanya chungu ndani ya chungu: kidogo ndani ya kikubwa, vyote vya kufinyangwa, na katikati yao mchanga uliolowa. Usiwe mchanga wa pwani, una chumvi. Tulijaribu kikiwa bado hakina mche, na udongo wa ndani ukashuka mpaka nyuzi 22 palipokuwa na upepo. Siku ya mvua, hewa ikiwa imejaa maji, haukushuka hata nusu ya hapo.

Mkupuo wa tatu: boksi la samaki na chumba cha Mwalimu

Mwaka uliofuata binti alituma mbegu mpya za aina mbili. Moja ni chotara fupi, Magic Fountains, ambayo kwao hufika karibu mita moja. Nyingine ni delfinia ya Kichina, *Delphinium grandiflorum*, aina ya Blue Butterfly, isiyozidi sana sentimita 35, ambayo hutoa maua mwaka ule ule wa kupandwa na huvumilia joto zaidi kidogo kuliko ndugu zake. Safari hii bahasha ziliingia friji siku ile ile zilipofika.

Hesabu yetu ilianzia mwisho. Tulitaka maua Julai na Agosti, kwenye ubaridi wa kipupwe. Chotara huhitaji miezi minne mpaka mitano tangu kuota. Basi mbegu lazima ziote Machi, mwezi wenye usiku wa moto kuliko karibu yote. Hapo ndipo penye ugumu wa kuotesha ua hili pwani. Ukitaka lichanue kipupwe, lazima baridi ya utotoni uinunue.

Wiki mbili za baridi zilifanyika kwenye friji. Baada ya hapo mbegu zinataka nyuzi 15 hadi 18, na friji ni baridi mno, chumba ni joto mno. Mjukuu ndiye aliyekumbuka boksi jeupe la kuwekea samaki na barafu. Tukaweka sinia ndani, chupa mbili za maji yaliyoganda pembeni, mfuniko juu. Chupa zilibadilishwa alfajiri na usiku. Kipimajoto kilicheza kati ya 16 na 19. Siku moja umeme ulikatika tangu asubuhi mpaka magharibi, na kijana akaenda dikoni kununua barafu ya wavuvi.

Siku ya 13 yakaonekana majani ya kwanza. Chotara zilitoka 14 katika mbegu 30, za Kichina 19 katika 30. Mbegu 10 za mwaka jana tulizozihifadhi kwa majaribio hazikutoa hata mche mmoja.

Tulipohamishia kwenye vikopo tulibaki na chotara 12 na za Kichina 16. Udongo ulikuwa sehemu mbili za kinongo, moja ya samadi iliyooza mpaka haina harufu, moja ya vumbi la makumbi lililooshwa mara tatu kuondoa chumvi. Maji yalikuwa ya mvua, yaliyokingwa kutoka kwenye paa.

Kisha Mwalimu akatoa uamuzi ambao mimi nisingethubutu kuupendekeza. Chumbani kwake kuna kiyoyozi alichofungiwa na mwanawe, ambacho alikuwa hakitumii kwa kuogopa bili. Akasema miche italala naye. Kila magharibi kijana aliingiza chano, kila asubuhi akatoa mpaka upande wa mashariki wa uwa, ikapata jua mpaka saa 5 na kivuli cha nyumba baadaye. Kiyoyozi kiliwekwa nyuzi 21. "Najifunika blanketi kwa ajili ya maua," alikuwa akiwaambia wageni, nusu analalamika, nusu anajisifu.

Chano kilichukua vikopo 20 tu. Vinane vilivyobaki, vinne vya kila aina, vililala barazani. Hatukukusudia kufanya majaribio, ni nafasi iliyokosekana, lakini hakuna kitu katika kisa hiki kilichotufundisha zaidi. Mchana miche yote 28 ilikaa pamoja, jua lile lile, maji yale yale. Tofauti ilikuwa usiku tu. Katikati ya Mei miche ya chumbani ilikuwa na majani saba au manane, shina nene, yote 20 iko hai. Ya barazani ilibaki mitatu, yote ya Kichina, yenye majani manne.

Mwanzo wa Juni, kusi lilipokwishashika na usiku kuanza kupoa, tuliihamishia katikati ya uwa, juu ya meza ya mbao, mbali na kuta zote. Vyungu pacha tulikuwa navyo sita, navyo tukawapa chotara zilizotia bidii; zilizobaki zilipata chungu kimoja kimoja. Mashina yalifungwa kwenye vipande vya mwanzi kwa kamba ya usumba, fundo legevu, maana upepo wa Julai uliwahi kuvunja shina moja likalia kama mrija.

Habasoda

Kuna tukio moja lililokuwa karibu kutupeleka hospitali, na sikutaka lifichike katikati ya hesabu za majani.

Mwezi wa Aprili alikuja ndugu yake Mwalimu kutoka Pemba, ana kikohozi. Akafungua friji, akakuta kichupa cha mbegu ndogo nyeusi, akamimina mkononi. Alidhani habasoda. Kosa hilo lina mantiki yake: habasoda na delfinia ni wa ukoo mmoja wa mimea, na punje zao kwa mtu asiye na miwani zinafanana vya kutosha. Kijana alikuwa anakunywa maji pale pale, akamshika mkono.

Delfinia nzima ni sumu, jani, shina na ua, na mbegu na miche michanga ndiyo mikali zaidi. Ina alkaloidi zinazolegeza misuli, hata ya kupumulia. Magharibi mwa Marekani ng'ombe hufa malishoni kwa kula delfinia za mwituni. Sisi tulijua hayo, na bado tuliiweka kwenye kichupa kisicho na maandishi, jikoni, kando ya achari. Tangu siku ile kichupa kina karatasi yenye wino mwekundu: SUMU, SI HABASODA. Kijana huvaa glavu anapokata majani, na mtoto wa jirani alipotaka kutunga maua yaliyodondoka kwenye kikuba, Mwalimu alimpa asumini.

Kilichopatikana

Delfinia za Kichina zilianza kuchanua wiki ya kwanza ya Julai. Kati ya 12 zilizolala chumbani, 11 zilitoa maua. Ni ndogo, majani yake yamechanikachanika, lakini buluu yake ni buluu hasa. Ile mitatu ya barazani ilikufa kabla.

Chotara nane zilibaki mpaka mwisho, tano zikachanua kuanzia katikati ya Agosti. Ndefu kuliko zote ilifika sentimita 68. Tumba la kwanza lilipovimba Mwalimu alilishika kwa ncha za vidole, akaligeuza, akaona ule mkia. "Kumbe huyu ndiye pomboo wenu," akasema.

Kila shada lilidumu siku nane mpaka kumi, halafu likapukutika. Rangi ilikuwa hafifu kuliko picha ya bahasha. Rangi ya ua hili inatokana na delfinidini, iliyopewa jina la mmea huu wenyewe, na ndugu zake utawakuta kwenye ganda la biringani na kwenye maji ya choya (rozela). Joto likizidi, mmea hutengeneza kidogo. Tulikata mashina yaliyokwisha karibu na udongo, kama wanavyofanya Uingereza kupata maua ya pili. Mimea miwili ilichipua majani mapya. Mwishoni mwa Oktoba hapakuwa na hata mmoja ulio hai.

Uchambuzi

Kosa la msingi lilikuwa kumtambua vibaya adui. Jua unaliona, linakuunguza kichwa, kwa hiyo unalishitaki. Usiku wetu ni mtulivu, unalala vizuri na feni, hukumbuki kwamba kuna kiumbe kinachoteseka nje. Lakini mmea hutengeneza sukari mchana tu, na huitumia mchana na usiku, tena usiku ukiwa na joto huitumia kwa kasi zaidi. Kwa delfinia, usiku wa nyuzi 25 ni mtu anayechuma shilingi mia mchana na kula tisini kabla ya alfajiri. Tulipomwekea makuti na wavu tukampunguzia hata hiyo mia. Ndiyo maana kila kivuli tulichoongeza kilimsogeza karibu na kifo.

Jua la asubuhi mpaka saa 5 halikuunguza hata jani moja mwaka wa pili. La alasiri sikulijaribu, na kwa ukuta ule sitalijaribu.

Vyungu pacha vilisaidia, ila nisivipambe. Chotara tano zilizochanua zote zilikuwa kwenye vyungu pacha, lakini tulikuwa tumewapa vyungu hivyo mimea iliyokuwa na afya tangu mwanzo. Huenda zingechanua hata kwenye ndoo. Lililo wazi ni kwamba vinafanya kazi ya maana kipupwe tu, hewa ikiwa kavu na upepo ukipita. Masika usijisumbue.

Jambo la mwanga lilitushangaza. Chungu kimoja cha Kichina kilikaa karibu na taa ya mlango wa nyuma, inayowaka mpaka saa 4 usiku, nacho kilichanua siku tisa kabla ya vingine. Delfinia huchanua haraka mchana ukiwa mrefu. Juni, kusini mwa Uingereza, jua hukaa juu zaidi ya saa 16, na sisi hapa hatufikii 12 mwezi huo. Chungu kimoja si ushahidi, lakini mwaka huu vitakaa vinne karibu na ile taa.

Maji ya mvua nayo nayahesabu kuwa uamuzi mzuri. Tanki lilipoisha mwishoni mwa Agosti tukarudi kisimani, na ndani ya wiki mbili kingo za majani zikawa kahawia na vyungu vikatoka ukoga mweupe wa chumvi.

Kuhusu gharama, Mwalimu aliweka daftari. Umeme wa kiyoyozi, tangu mwisho wa Machi mpaka mwisho wa Mei, ulizidi vitu vyote vingine vikijumlishwa, hata vyungu. Mtu asiye na kiyoyozi tayari asikinunue kwa ajili ya hili. Kwa buluu ya kudumu uwani pwani, plumbago inatosha: inavumilia jua, inavumilia ukame, inachanua karibu mwaka mzima, wala hailali na mtu. Nilimwambia hivyo siku ya kwanza, hilo nililipata sawa, na hakunisikiliza. Nashukuru hakunisikiliza.

Uamuzi wa mwaka wa tatu

Tulikaa Novemba, barazani, na daftari lile. Chotara ndefu zimeachwa. Binti ameambiwa asitume tena. Kwenye ukuta wa magharibi, pale Mwalimu aliponionyesha siku ya kwanza, tumepanda plumbago mbili na zimeshashika.

Delfinia za Kichina zitarudiwa, mbegu 40, chano kimoja tu kwa sababu ndicho kinachoingia chumbani. Kiyoyozi kitawaka kuanzia saa 3 usiku mpaka alfajiri badala ya tangu magharibi, tuone kama saa zile chache zinatosha. Kijana ameingia kidato kipya na alfajiri hana nafasi, kwa hiyo chupa za barafu za asubuhi nitazibadilisha mimi nikipita kwenda kitaluni. Kichupa kiko nyuma kabisa ya friji, mbali na achari, na karatasi yake nyekundu imebandikwa upya.